Chakula cha Dhiki na Adabu ya Mgeni

Katika maswali yanayomkabili msafiri mwenye dhamiri liko moja ambalo huonekana dogo kwa sababu huja pamoja na harufu nzuri ya mchuzi, nalo ni hili: je, ni haki kwa mtu aliyeshiba kukifanya kitu cha starehe chakula ambacho mwenzake alikibuni kwa kuwa alikuwa na njaa? Swali hili laweza kuulizwa katika nchi yoyote inayozuriwa kwa ajili ya maakuli yake, lakini hujitokeza kwa uwazi wa pekee katika Korea, ambayo kila jimbo lake, na aghalabu kila mji wake, hujifahari kwa sahani yake mahsusi, na ambayo nyingi katika sahani hizo, ukiifuata asili yake kwa subira, hazikufikishi kwenye jiko la mfalme wala kwenye bustani ya tajiri, bali hukufikisha kwenye shamba lililokataa kuzaa, au kwenye njia ndefu iliyopitwa kwa miguu, au gatini ambako wakimbizi walishuka melini na mikono mitupu.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wana kanuni mbili zinazofaa kutangulizwa hapa. Ya kwanza ni kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na kwa hiyo aliye katika hatari ya kufa kwa njaa hana dhambi akila mzoga. Ya pili, ambayo ni mlinzi wa ya kwanza, ni kwamba dharura hukadiriwa kwa kadiri yake, yaani shida ikiondoka ruhusa nayo huondoka, na aliyekwisha pata riziki ya halali hana tena udhuru wa kuurudia mzoga. Katika mambo ya halali na haramu kanuni hizi zatosha kabisa. Walakini jikoni mambo huenda kinyume: shida huondoka, na kilicholetwa na shida hubaki; tena hakibaki kwa aibu, bali hupandishwa cheo, kikapewa mtaa wake, sherehe yake na bei yake. Ni kwa nini watu huhifadhi kumbukumbu ya mashaka yao kwa ulimi, na mgeni ambaye hakuyaonja mashaka hayo ana haki gani ya kuifurahia kumbukumbu hiyo?

Tuanze na Andong, mji wa kale wa Gyeongsang Kaskazini, ambao kwa karne nyingi ulikuwa makao ya wanazuoni wa mafundisho ya Confucius, na ambao jirani yake ni kijiji cha Hahoe, kilichoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2010 kwa ajili ya nyumba zake za ukoo. Watu wa huko walikuwa na faradhi ya kuwaandalia wazee wao waliofariki meza ya ibada katika siku za kumbukumbu, na faradhi ya kuwakirimu wageni waliokuja kwa ajili ya ibada hiyo, na katika meza zote mbili kukosekana kwa samaki kulikuwa ni upungufu. Lakini Andong iko bara, na kabla ya barafu na magari samaki wa jamii ya kibua aliyevuliwa pwani ya Yeongdeok alisafirishwa milimani, mabegani mwa watu na kwa magari ya ng'ombe, kwa muda wa siku mbili hivi. Wachukuzi walijua kwamba samaki huyo hawezi kufika salama katika hali ya ubichi, basi walipofika soko la Imdong, kabla ya mwendo wa mwisho, walimpasua, wakamtoa matumbo na kumtia chumvi wakati ule ule ambapo nyama yake ilikuwa karibu kubadilika. Mkaaji wa pwani yetu, ambaye amekulia jirani na ng'onda, hahitaji kuelezwa kwamba wakati huo una siri yake, na kwamba chumvi iliyotiwa mapema mno au iliyochelewa haitoi ladha ile.

Ukisimama leo sokoni Andong utamwona fundi wa chumvi akifanya kazi bila ya mizani: huchota konzi moja, huitupa ndani ya samaki aliyefunuliwa, na kiganja chake huieneza kutoka kichwani hadi mkiani kwa mpapaso mmoja, na yule ambaye ameshinda kazini miaka mingi hakosei kipimo. Kisha samaki wawili hupangwa pamoja, mdogo akilazwa ndani ya tumbo la mkubwa, na jozi hiyo ndiyo kipimo cha kuuzia. Samaki wabichi wapo tele siku hizi, maana barabara na majokofu vimeuondoa umbali. Hata hivyo watu wa Andong hawakumwacha samaki wao wa chumvi, na msafiri atokaye Busan, mji ulio baharini, hufunga safari kuja bara ili ale samaki. Dharura imekwisha kitambo. Kilichobaki ni maarifa ya mkono wa fundi.

Uelekeapo kaskazini, katika jimbo la Gangwon, ambako milima imeacha nafasi chache za mashamba ya mpunga, utakuta viazi, mahindi na bakwiti, nafaka ivumiliayo udongo dhaifu na baridi. Na katika wilaya ya Jeongseon utaandaliwa wali uliopikwa pamoja na majani ya mbigili wa mlimani, wenye harufu ya upole, ukachanganywa na mchuzi wa soya. Wageni huusifu kwa wepesi wake tumboni. Zamani majani yale hayakuwekwa ili wali uwe mwepesi, bali yaliwekwa kwa sababu wali wenyewe haukuwapo wa kutosha. Palikuwa na kipindi cha kila mwaka, baada ya mavuno ya vuli kumalizika ghalani na kabla shayiri ya mwanzo wa kiangazi haijaiva, ambacho Wakorea walikiita mlima wa shayiri, kwa kuwa kukivuka kulikuwa sawa na kupanda mlima bila ya nguvu. Na katika majuma hayo konzi ya nafaka iliongezwa majani, mizizi, hata magome ya msonobari, ili sufuria ionekane imejaa na watoto wapate kulala.

Kusini kabisa, katika kisiwa cha Jeju, udongo uliotokana na volkano huyapitisha maji mara mvua inyeshapo, hata mpunga hauwezi kusimama. Kwa hiyo mikate ya huko ilitengenezwa kwa nafaka ndogo za jamii ya uwele, na kwa bakwiti iliyokunjiwa figili. Lakini Jeju ina fundisho jingine lililo chungu zaidi. Wanawake wake, mashuhuri kwa kuzamia baharini bila ya chombo cha kuvutia pumzi, ambao mila yao iliandikwa na UNESCO mwaka 2016, hutoa miambani konokono wa baharini wa thamani kubwa, ambaye sasa hupikwa katika uji laini anaoutamani kila mgeni afikaye kisiwani. Katika zama za wafalme wa Joseon konokono huyo alikuwa ushuru uliopelekwa katika jumba la mfalme, na aliyezama kumtafuta hakuwa ndiye aliyemla; kadhalika machenza ya kisiwa yalipelekwa kwa mfalme, na husimuliwa kwamba mzigo wa ushuru huo ulipozidi baadhi ya watu waliiua miti yao wenyewe ili wasidaiwe matunda yake. Basi katika bakuli moja la uji mna jasho la mtu ambaye utamu wake ulikuwa haramu kwake, na haramu hiyo haikuwekwa na dini bali iliwekwa na mtozaji.

Dhiki ya ardhi huja polepole na watu huizoea. Dhiki ya vita huja ghafula. Mwezi wa Desemba 1950, katika Vita vya Korea, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipokuwa yakiondoka bandari ya Hungnam, katika jimbo la Hamgyeong upande wa kaskazini, raia wapatao laki moja walichukuliwa kwa meli, na meli moja ya mizigo, Meredith Victory, ilibeba katika safari moja watu kiasi cha 14,000 ingawa haikujengwa kwa ajili ya abiria ila wachache mno. Walishushwa kusini, katika kisiwa cha Geoje na katika Busan, mji uliokuwa makao ya muda ya serikali wakati wa vita na uliokuwa umefurika watu. Wakimbizi hao walikuja na kumbukumbu ya tambi za baridi za kwao, zinazotengenezwa kwa bakwiti au kwa wanga wa viazi. Lakini vitu hivyo havikupatikana kwa urahisi, na kilichopatikana kilikuwa unga wa ngano wa msaada kutoka Marekani. Wakakanda unga huo, wakatoa tambi za ngano katika mchuzi wa baridi, na leo tambi hizo, ziitwazo milmyeon, ni fahari ya Busan, huliwa wakati wa joto na watu wasiokumbuka kwamba zilikuwa badala ya kitu kingine. Wengine waliganda Sokcho, karibu na mpaka, juu ya ulimi wa mchanga, wakitumaini kwamba njia ikifunguliwa watakuwa wa kwanza kurejea. Mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa sahihi Julai 1953, njia haikufunguliwa, na kijiji chao cha muda, Abai, kingali pale, kikifikiwa kwa kivuko kinachovutwa kwa mikono juu ya waya, na wageni huenda kula ngisi waliojazwa wali.

Na katika Uijeongbu, kaskazini ya Seoul, palipokuwa na kambi za askari wa Marekani, kuna mtaa mzima wa migahawa inayopika mchuzi wa kimchi uliotiwa soseji, nyama ya kopo na maharagwe, vitu ambavyo hapo mwanzo vilitoka kambini kwa njia za siri. Kabla ya mchuzi huo palikuwa na uji mwingine wa kudhalilisha zaidi, uliopikwa kwa masalio ya meza za askari, na walioula hawakuwa na hiari. Muislamu hali mchuzi huu, kwa kuwa nyama yake aghalabu ni ya nguruwe, naye hana dharura ya kumruhusu. Lakini si vibaya kwake kusimama mlangoni akatafakari, maana huenda yeye, aliyezuiwa kuonja, akaona kwa uwazi zaidi kuliko aliyeketi na kijiko kwamba kinachochemka mle sufuriani ni historia ya taifa lililookota.

Mtu aweza kusema kwamba nimechagua mifano ya majonzi, na kwamba iko miji ya neema, mathalani Jeonju, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika miji ya ubunifu wa maakuli, ambako wali wa bibimbap huja umezungukwa na mboga za rangi nyingi, machipukizi ya soya na jeli ya manjano ya choroko, juu yake pilipili iliyochachuliwa. Ni kweli kwamba Jeonju imekaa kando ya uwanda mpana wa mpunga, na kwamba sahani yake ni sahani ya wingi. Lakini wingi wa nani? Mwaka 1894 wakulima wa uwanda huo huo walisimama pale Gobu kumpinga liwali wao, Jo Byeong-gap, aliyewatoza kodi ya maji ya bwawa walilolijenga kwa mikono yao, na uasi wao, uliofungamana na dini ya Donghak, ukaenea hata wakauteka mji wa Jeonju. Na katika utawala wa Wajapani, tangu 1910 mpaka 1945, mchele wa uwanda ule uliteremshwa bandarini Gunsan ukapakiwa kwenda Japani, na wengi walioulima wakala nafaka duni zilizoletwa kutoka Manchuria. Kiongozi wa pili wa Donghak, Choe Si-hyeong, aliyenyongwa mwaka 1898, alifundisha kwamba ujuzi wa mambo yote umo katika kulifahamu bakuli moja la wali. Na nadhani hakuna maneno yafaayo zaidi kumtangulia msafiri aendaye Jeonju, kwa kuwa mwenye kulifahamu bakuli lile hulifahamu bwawa, liwali, jahazi la mizigo na mkono uliopandikiza mche, naye hawezi tena kusema kwamba amekula tu.

Hapa sharti tusikilize hoja ya upande wa pili, ambayo ni nzito. Chini ya mlima Mudeung, katika mji wa Gwangju, iko migahawa mashuhuri kwa wali wa shayiri, na watu wa mjini huenda huko kwa furaha wakisema kwamba shayiri huleta afya. Wako wazee ambao hawataki kuigusa. Katika miaka ya 1960 na 1970 serikali ya Korea Kusini, kwa uhaba wa mchele, iliwahimiza watu kuchanganya shayiri, na walimu walikagua vyakula vya watoto darasani, kifuniko kimoja baada ya kingine, kuona kama mchele haukuwa mtupu. Mtu aliyekaguliwa hivyo utotoni, akila shayiri kwa kuwa hakuwa na jingine, akimwona kijana akiilipia fedha nyingi na kuisifu, ana haki ya kuuliza ni utamu gani huo uliokuwa umefichwa asiuone yeye. Wahenga wetu walisema kwamba aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Na mzee huyo aweza kuongeza kwamba aliyeshiba, akila chakula cha mwenye njaa, huenda akazidi kutomjua, maana sasa hudhani kwamba njaa nayo ilikuwa na ladha nzuri.

Hoja hii hainishawishi kwamba starehe ya mgeni ni dhambi, lakini hunilazimisha kutenga mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Njaa si fadhila. Haikumfanya mtu yeyote kuwa bora, na walionyamaza katika mlima wa shayiri, wakafa, hawakuacha sahani yoyote ya kusifiwa. Kilichostahili taadhima ni akili na huruma ya yule aliyekuwa na kidogo akakifanya kiwatoshe wengi, akatafuta chumvi, akachagua jani lisilo sumu, akakanda unga wa ugenini ukafanana na tambi za mama yake. Baada ya dhiki faraja, husema watu, na faraja hii haikushuka tu. Ilifanywa na mikono. Kwa hiyo jibu la swali letu la kwanza ni kwamba watu huhifadhi chakula cha shida kwa sababu ndani yake mna ushahidi kwamba shida haikuwashinda. Kanuni ya wanasheria haivunjwi: ruhusa ya dharura imekwisha pamoja na dharura, bali hekima haikuwa ruhusa, nayo haina mwisho.

Kuhusu mgeni, walimu bora ni wale wenye kuchagua uchache ilhali waweza kupata wingi. Katika mahekalu ya Kibudha ya Korea watawa hula kwa mabakuli manne, bila ya nyama, bila ya vitunguu wala saumu. Na kabla ya kula hukariri tafakuri yenye mambo matano, wakijiuliza chakula hiki kimetoka wapi na kama mwenendo wao unastahili kukipokea, wakikusudia kukitumia kama dawa ya mwili kwa ajili ya kuitafuta haki. Wamalizapo, husuuza mabakuli kwa maji na kipande cha figili, wakanywa maji yale, asipotee hata punje. Mtu aliyefunzwa kutaja jina la Mungu mwanzoni mwa chakula na kumshukuru mwishoni, na aliyeambiwa kwamba siku ya hesabu ataulizwa juu ya neema alizostarehe nazo, hatawaona watawa hao kuwa wageni katika jambo hili. Njia zao na zetu zatofautiana sana katika kumjua Muumba, lakini swali la chakula kimetoka wapi ni moja, na anayelikwepa hapa duniani amejiwekea deni.

Basi yafaa kustarehe, lakini kwa masharti. Sharti la kwanza ni kuuliza, si kwa udadisi wa kumfedhehesha mwenyeji, bali kwa adabu, ili mpishi asifanywe mashine ya kutoa ladha. La pili ni kulipa kwa haki, kwa sababu muuza samaki wa Imdong na mzamiaji wa Jeju hawakula utamu wa kazi yao zamani, na ni dhuluma kuurudisha ushuru wa mfalme kwa jina la bei rahisi. La tatu ni kutobakisha, kwa kuwa kutupa chakula kilichobuniwa na mwenye njaa ni kumtukana. Na la nne, ambalo ni gumu kuliko yote, ni kupambanua njaa iliyopita na njaa ambayo ingalipo. Tambi za Hamgyeong huliwa kusini kwa raha, huku katikati ya miaka ya 1990 jimbo hilo hilo lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa vikali na njaa ya Korea Kaskazini, na wajukuu wa waliokosa nafasi katika meli za Hungnam walikufa kwa kukosa nafaka yoyote. Mtu aliyekula tambi hizo Busan au Sokcho miaka ile hakuwa ameketi juu ya historia. Alikuwa ameketi jirani ya maiti.

Nakusihi, msomaji, utakapopata nasibu ya kusafiri na kuketishwa mbele ya sahani mashuhuri ya mji fulani, ule na ufurahi, kwa maana kumnyima mwenyeji furaha yako ni kiburi. Lakini uulize ni nani aliyeipika kwanza na alikuwa amekosa nini, na ukiambiwa kwamba aliyekosa angali anakosa, utoe fungu lake kabla hujanawa mikono.